Rizki Chini ya Mlima Meru

Baada ya Sala ya Alfajiri tulishika njia itokayo Usa River kwenda Arusha, na Mlima Meru, urefu wake wapata mita 4,560, ukawa mkono wetu wa kulia. Tulipofika Tengeru tulikuta siku ya gulio: wanawake wakishusha ndizi na mboga, vijana wakisukuma mikokoteni. Tukajiuliza: Ni nani aliyewaajiri watu wote hawa?

Kwa hakika hawana mwajiri mmoja. Mnunuzi wa ndizi ana mshahara, na mshahara huo umetoka katika shughuli nyingine.

Hivyo ndivyo Arusha ilivyokua. Reli ilipofika mwaka 1929, kahawa ya mlimani ilipata njia ya kwenda pwani, wachukuzi na wenye maduka nao wakapata kazi. Mwaka 1967 mji ukawa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ikavunjika mwaka 1977, kisha ikafufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi papa hapa mwaka 1999. Leo huko Kisongo kiwanda cha A to Z, kilichoanza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu, kimeajiri watu kwa maelfu, wengi wao wanawake.

Basi biashara mpya moja huzaa nyingine: dereva, fundi, mama muuza chakula, mwenye vyumba vya kupanga. Lakini kamba ni hiyo hiyo. Ikikatika, wote huanguka. Kiwanda cha matairi cha General Tyre kilichoanza miaka ya 1970 kilisimamisha kazi katika miaka ya 2000. Lango la kiwanda likifungwa, hata yule mama aliyeuza uji nje ya ukuta hurudi na sufuria yake imejaa.

Kwa hiyo, enyi vijana, msikae barazani mkingojea kazi ya ofisi. Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alikuwa mfalme, naye alikula jasho la mikono yake. Nanyi mliojaliwa mali, jueni ya kuwa duka au karakana mnayoifungua ni amana: nyuma ya kila mfanyakazi kuna watoto, na nyuma yao kuna gulio zima la Tengeru. Mlipeni ujira wake kabla jasho halijamkauka.

Mwenyezi Mungu atujaalie rizki ya halali, na atufanye kuwa mlango wa rizki za wenzetu. Amin.