Kina cha Bahari Hakipimwi kwa Macho

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ndugu msomaji, yamkini umeusikia usemi huu tangu utotoni, ukaudhani kuwa ni wa kuwaonya vijana wanaokwenda ugenini. Mimi nimeuelewa upya nikiwa ndani ya mashua, kaskazini ya kisiwa cha Unguja, nikitazama kamba inavyozama na kuendelea kuzama bila ya kugusa chini.

Wengi wetu tuishio mijini tunaijua bahari kwa uso wake tu. Tukipanda boti Dar es Salaam kwenda Unguja kuwaamkia jamaa, au tukiwapeleka watoto ufukweni siku ya mapumziko, tunaona maji yaliyotandaa kama shuka, hapa kijani, pale buluu. Tunadhani kuwa ni maji yale yale. La hasha! Chini yake mna nyanda, mabonde na magenge, na ndani yake hupita mito isiyo na kingo. Yafaa leo tufunge safari ya kuitazama nchi hiyo isiyoonekana.

VISIWA JIRANI, MISINGI MBALIMBALI

Tazama ramani. Unguja na Pemba huonekana kama ndugu wa tumbo moja: vyote viwili ni visiwa vya matumbawe na karafuu, vyote vi karibu na bara. Lakini kina cha bahari kinatuambia habari nyingine. Kati ya Unguja na bara, sehemu kubwa ya mlango wa bahari haizidi mita 50. Kati ya Pemba na bara, maji hufikia kina cha mita 800 hivi.

Tofauti hiyo si jambo dogo. Yapata miaka 20,000 iliyopita, wakati maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, uso wa bahari ulikuwa chini kuliko leo kwa kadiri ya mita 120. Wakati huo mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka bara hadi Unguja. Pemba, kwa kuwa imezungukwa na kilindi, ilibaki kisiwa. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake, naye Pemba hakuwako. Na Pemba nayo ina popo wake mkubwa asiyepatikana penginepo duniani. Basi aliyepima kina cha maji amepata pia kujua kwa nini mnyama fulani yuko huku na hayuko kule.

BILDI YA NAHODHA

Nilifika Nungwi asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Ufukweni mafundi walikuwa wakitengeneza vyombo vyao, huyu anachonga mbao, yule anatia kalafati. Nilimwamkia nahodha mmoja mzee, nikamweleza kwamba nataka kuona jinsi bahari inavyopimwa. Alicheka kidogo, kisha akaniuliza, "Unataka kuipima, mwanangu, au unataka kuandika kuwa umeipima?" Nilimjibu kuwa nataka yote mawili. Akakubali.

Chombo chake cha kupimia kilikuwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba ndefu. Kamba hiyo ilikuwa na alama kila baada ya pima moja. Pima, kwa wasioijua, ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa, karibu mita 1.8. Chini ya risasi pana kishimo, na ndani yake mzee alipaka shahamu. "Bildi haikwambii kina peke yake," alinieleza. "Inakwambia na umefika wapi." Alipoitupa mara ya kwanza, upande wa magharibi, ilisimama kwenye pima 12. Alipoivuta, shahamu ilikuwa imenasa mchanga mweupe na vipande vya matumbawe. Mara ya pili ilileta tope. Mzee alitaja mahali tulipo bila ya kuinua macho kutazama nchi kavu.

Kisha tukaelekea kaskazini, tukaipita ras na mnara wake wa taa. Rangi ya maji ikageuka, ikawa buluu nzito inayokaribia weusi. Mzee akaitupa bildi tena. Pima 20 zikapita, 30, 40. Kamba yote ya pima 50, ambazo ni sawa na mita 90, ikaisha mikononi mwake, na risasi ilikuwa bado inaning'inia. "Hapa," alisema, "bildi yangu imekwisha kazi."

SAUTI BADALA YA KAMBA

Kamba kama hiyo ndiyo iliyotumiwa na wapimaji wa zamani. Kati ya mwaka 1822 na 1826 nahodha William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza alizunguka pwani za Afrika na merikebu za Leven na Barracouta, akichora ramani za bahari. Mabaharia wake wengi walikufa kwa homa. Walipima kwa risasi na kamba, mahali baada ya mahali, na palipokuwa na mwamba kati ya vipimo viwili ungeweza kuwaponyoka wasiuone.

Siku hizi meli hupima kwa mwangwi. Chombo kilicho chini ya meli hutoa mlio. Mlio hushuka hadi chini, hugonga, na kurudi. Katika maji ya bahari sauti husafiri kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde moja, basi kina ni mita 750, kwa maana sauti imekwenda na kurudi. Vyombo vya kisasa zaidi hutoa milio mingi kwa pamoja na kuchora upana mzima wa ardhi iliyo chini. Meli ya uchunguzi ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, ilifanya kazi katika maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983, ikitafuta samaki kwa njia hiyo hiyo ya mwangwi. Unguja kwenyewe, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1978, na tangu mwaka 1984 kipimo kilichowekwa bandarini kimekuwa kikiandika kupanda na kushuka kwa maji.

Hata hivyo, tusidhani kuwa kazi imekwisha. Katika bahari zote za dunia, ni kama robo tu ya ardhi iliyo chini ambayo imekwisha kupimwa kwa ukamilifu.

MTO ULIO NDANI YA BAHARI

Kina ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mkondo. Maji yanayokuja kutoka mashariki hupita kaskazini ya Madagascar, yakafika pwani ya Afrika karibu na mpaka wetu na Msumbiji, yakagawanyika. Sehemu moja hugeukia kaskazini na kupita kando ya mwambao wetu mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo na mkondo husukumana kwenda upande mmoja, na mbio zake huweza kufikia maili 4 za baharini kwa saa. Wakati wa kaskazi, upepo huupinga mkondo na kuupunguza nguvu, lakini katika mwambao wetu hauugeuzi.

Juu ya mkondo huo huja maji kujaa na kupwa, mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hapa Unguja hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Maji yote hayo lazima yapite kwenye milango ya miamba, na mlango ukiwa mwembamba mbio huzidi.

Tulipotia nanga karibu na mwamba, mzee alinipa kumbi la nazi. Mashua yetu ilikuwa na urefu wa mita 8. Nililitupa kumbi kwenye omo, nikatazama saa yangu. Lilifika tezi kwa sekunde 8. Hesabu ni nyepesi: mita 1 kwa sekunde, yaani karibu maili 2 za baharini kwa saa. Huenda ukasema kuwa hiyo ni kama mwendo wa mtu anayetembea polepole. Lakini mtu wa kawaida hawezi kuogelea kwa mwendo huo kwa muda mrefu. Na kitu kinachochukuliwa hivyo kwa saa 8 za usiku, kitakuwa kimefika karibu kilometa 30 kutoka kilipoanza.

USIKU WA SEPTEMBA

Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akaonyesha kwa mkono upande wa Pemba. Sikuhitaji kumwuliza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I, iliyokuwa ikielekea Pemba, ilizama katika maji hayo ya Nungwi. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Waliokufa na waliopotea walihesabiwa kwa mamia. Wamo akina mama, wamo watoto, na wengi hawakuonekana tena. Wapiga mbizi waliletwa kutoka Afrika Kusini, lakini kilindi na nguvu ya mkondo viliwashinda.

"Sisi tulitoka na mashua zetu," alisema mzee. "Hatukwenda pale ilipozamia. Tulikwenda kule maji yalikokuwa yanakwenda."

Maneno hayo, ndugu msomaji, ndiyo niliyorudi nayo mjini. Bahari haikuijaza meli ile. Hilo ni kosa la binadamu. Lakini chombo kikishazama, kina ndicho kinachoamua kama kitafikiwa, na mkondo ndio unaoamua walio hai watafutwe wapi. Mwenye kuvijua hawezi kubahatisha.

ELIMU YA KUPELEKA NYUMBANI

Kwa hiyo elimu hii si ya wataalamu na manahodha peke yao. Unapowapeleka watoto kuogelea, waulize kwanza wavuvi wa mahali hapo kama ni bamvua au maji mafu, na mlango wa mwamba uko wapi. Maji yanayoingia juu ya mwamba kwa mawimbi hutokea mlangoni kwa nguvu, hata kama uso wake umetulia. Ukichukuliwa, usishindane nayo kurudi moja kwa moja; ogelea kwa kuyakata ubavuni, ukifuata mwambao, mpaka uyatoke. Na unaposafiri, usione aibu kukataa kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama umekwisha kulipa nauli.

Kadhalika, vijana wetu wanaosoma hesabu na fizikia wajue kuwa kazi ya kuipima bahari hii inawangoja. Lakini kabla ya kushika vyombo vya mwangwi, wakae siku moja na manahodha wa Nungwi, wajifunze kusoma shahamu iliyo chini ya bildi. Wazee wenye ujuzi huo wanapungua, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa katika ramani yoyote.

Tuliporudi ufukweni jua lilikuwa linatua na maji yalikuwa yamejaa. Mzee aliikunja kamba yake pima kwa pima, akaihesabu tena yote, kisha akaitundika penye kivuli ikauke kwa ajili ya kesho.