Joto la Kununua



Hapa Tampere, Ufini, asubuhi hii kipimajoto kilicho nje ya dirisha la jikoni kinasoma nyuzi 19 chini ya sifuri. Ninyi huko Tanga mnalilalamikia jua la Februari, nami nimemlipa fundi umeme anifungie jiko la kuchemsha chumba kizima, nikae ndani yake nitoke jasho. Mama aliposikia kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani unaumwa, mwanangu?"

Siumwi, mama. Ndiyo Ufini hiyo. Nchi ina watu kama milioni 5.5, na sauna zake, ndivyo viitwavyo vyumba hivyo vya joto, zinakadiriwa kufika milioni 3. Zamani wanawake walijifungulia humo, kwa kuwa ndimo mlimokuwa na maji moto na usafi, na maiti wakaoshewa humo humo. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza desturi hii katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Hapa kwetu Tampere, mtaa wa Pispala, ipo sauna ya umma ya Rajaportti iliyoanza mwaka 1906 na mpaka leo watu wanaingia. Kwa hiyo Mfini akikukaribisha sauna, chukulia umekaribishwa kahawa barazani: ukikataa, una deni la maelezo.

Maelezo yangu mimi yalikuwa kikoi. Miaka sita tulikaa ghorofani, na majengo mengi ya ghorofa hapa yana sauna ya pamoja huko chini, watu wanaingia kwa zamu. Jioni moja nikajikaza, nikateremka zamu ya wanaume. Wote walikuwa kama walivyozaliwa. Mimi nimefunga kikoi changu vizuri, utadhani naelekea Ijumaa. Mzee mmoja akakitazama kikoi, akanitazama mimi, akasogea kunipisha. "Kitalowa," akasema kwa upole. Hakuna aliyecheka, lakini sikurudi. Mke wangu ndiyo kabisa, hata mlango hakuufungua. Basi mwaka jana tulipohamia nyumba ya chini na kukuta kistoo kisicho na kazi kando ya bafu, hatukujadiliana sana. Tujenge yetu, kila mtu aingie na vazi lake.

Kwenye kuchagua jiko ndiko ushamba wangu ulikojianika. Kistoo chenyewe ni mita 2 kwa mita 1.6, dari mita 2.1. Ukipiga hesabu ni mita za ujazo 6.7. Kanuni ya mafundi wa hapa ni nyepesi: kilowati moja kwa kila mita ya ujazo, na ukiwa na mlango wa kioo au ukuta wa vigae unaongeza, maana hivyo vinakula joto. Mimi nilikwenda dukani na akili ya mnunuzi wa jenereta: kubwa ndilo la kuaminika. Nikarudi na jiko la kilowati 10.5. Jiko hilo wenyeji huliita kiuas, nalo ni kasha la chuma lenye koili za umeme, lililojazwa mawe.

Kuliunga mwenyewe sheria hairuhusu, lazima fundi umeme mwenye leseni. Wangu alifika, akachuchumaa, akakifungua kijitabu na kunionyesha mstari kwa kidole: chumba kisipungue mita za ujazo 9. Akalifunga boksi, akanywa kahawa yangu, akaenda zake.

Nikalirudisha nikachukua la kilowati 6.8, lenye mawe mengi. Baadaye nilielewa kwamba fundi alikuwa ameniokoa mara mbili. Jiko kubwa kupita chumba ni hatari kwa mbao zilizo karibu nalo, hilo moja. La pili, hupasha hewa upesi mno, likajizima kabla mawe hayajaiva. Unamwaga maji kwa kata, yanachuruzika mpaka sakafuni, mvuke huuoni. Na mvuke huo ndio sauna yenyewe, hata una jina lake, löyly. Mawe yakiiva sawasawa, maji yakigusa tu yanatoa mlio mfupi kama kitunguu kwenye mafuta, na sekunde chache baadaye joto linakushukia mabegani.

Kwenye mbao sikukosea. Msonobari kwenye kichanja cha kukalia niliukataa, kwa sababu vifundo vyake hutoa utomvu na vikipata joto utajua umekaa wapi. Nikachukua haapa, mti wa huku huku, mweupe na usiounguza. Dukani palikuwa na mbao nyingine laini iitwayo abachi. Muuzaji akaniambia inatoka Afrika Magharibi, na kumbe ndiyo ile Waghana huiita wawa. Nikaipapasa. Mwenzangu naye yuko ughaibuni, na kazi aliyopewa ni kukaliwa na Wafini.

Sasa niwasimulie kosa lililonifanya niiandike barua hii. Mafundi walitandika ukutani tabaka la kuzuia joto, juu yake karatasi ya alumini, kila kiungo wakakiziba kwa utepe, wakapigilia fito, ndipo zikaja mbao. Kazi safi. Kisha wakatoboa matundu mawili: moja juu ya jiko la kuingizia hewa, jingine upande wa pili chini ya kichanja la kuitoa. Nikabaki nawatazama. Siku mbili tumehangaika joto lisitoke, sasa wanalifungulia njia?

Mimi nimelelewa na bibi, na bibi alikuwa mpiga nyungu. Chungu cha majani ya mwarobaini, mchaichai na mkaratusi, wewe umeinama juu yake, blanketi limekufunika wewe na mvuke wako mpaka miguuni. Ukiinua ncha kidogo upate pumzi, unasikia kofi la mgongo: "Funika! Unatoa dawa!" Kwa elimu hiyo, mafundi walipoondoka nilichukua taulo kuukuu nikaziba matundu yote mawili.

Jumamosi ya kwanza tukapandisha joto mpaka nyuzi 80. Dakika kumi, kichwa kizito, moyo unakwenda mbio, mke wangu ametoka zamani. Nikasema kumbe Wafini hujitesa kwa hiari. Jumamosi ya pili nikamwalika mzee jirani, fundi seremala mstaafu. Safari hii nilikuwa nimepunguza joto, lakini hakukaa hata dakika tatu. Aliteremka, akapiga magoti na kikoi nilichomwazima, akapapasa chini ya kichanja, akalivuta taulo langu kama anayemtoa paka aliyejificha. Akapanda akatoa na lile la juu. Kisha akachana kipande cha karatasi ya chooni, akakishika mbele ya tundu la chini. Karatasi ikavutwa, ikajibandika. Akaniangalia, akatikisa kichwa mara moja, akapanda kukaa.

Akamwaga kata ya maji. Joto lilikuwa lile lile, nyuzi 70 na ushei, lakini sasa nilipumua. Tulikaa robo saa bila kuongea, tukatoka nje kusimama kwenye theluji na ndala, tukarudi. Nyungu ni dawa ya dakika chache, ndiyo maana bibi hakuhitaji tundu. Chumba cha kukaa na kuzungumza ni habari nyingine. Umeme unaokwenda ni uniti kama 10 kila Jumamosi, na nikitoka naacha mlango wazi na jiko likiwaka kidogo, mbao zikauke zisiote kuvu.

Kaka yangu, wewe unayejenga Kange huko Tanga, barua hii ni yako hasa. Umeniambia fundi anataka kuyaziba yale matundu ya juu ya madirisha kwa sababu utafunga kiyoyozi. Hiyo akili ya taulo naijua, ilikuwa yangu. Siku umeme ukikatika utakuwa umejijengea sauna bila kupenda, na jirani yako si seremala wa Kifini. Mwambie fundi ayaache wazi.