Kupunguza Jiwe

Kazi ya kuchonga jiwe ina sehemu mbili: kuondoa lililo zaidi, na kulipamba lililobaki. Wengi huistahi sehemu ya pili wakaidharau ya kwanza. Lakini jiwe huharibika katika ya kwanza, na hasara yake haina fidia. Mfinyanzi aweza kurudisha udongo alioubandua. Mchonga jiwe hana ruhusa hiyo.

Huko Shishiyu, katika Mkoa wa Simiyu, kijana mmoja alikusudia kumchongea marehemu mama yake jiwe la kaburi. Alichagua itale, jiwe gumu la nchi ya Wasukuma. Unene wake ulikuwa mara tatu ya uliohitajika. Kwa haraka aliwasha moto juu yake, kisha akalimwagia maji, kama wafanyavyo wapasuaji wa kokoto. Magamba yalibambuka kwa wepesi, naye akafurahi.

Mzee mmoja, mwashi wa zamani, alikuja akaligonga kwa nyundo ndogo. Halikulia, lilitoa sauti nzito kama ya chungu chenye ufa.

"Mjukuu wangu," alisema, "umeondoa ulichotaka, na umeharibu ulichobakiza."

Maneno yake yalikuwa kweli. Itale ni mchanganyiko wa chembe za namna nyingi, na kila namna hutanuka kwa kipimo chake. Kwazi hutanuka zaidi, na katika joto la nyuzi 573 za Selsiasi umbo lake la ndani hubadilika. Hivyo moto hupasua hata pale jicho lisipoona ufa. Kwa kokoto ni msaada. Kwa ukumbusho ni maangamizi, kwani maji ya mvua huingia nyufani, na jina huanguka pamoja na gamba lake.

Kijana alianza upya kwa jiwe jingine. Alitoboa matundu kwa mstari, akatia kabari za chuma, akazigonga kwa zamu, pole pole, mpaka jiwe likapasuka. Kisha kwa tindo ya ncha alichimba mifereji sambamba, akayaangusha matuta ya katikati kwa mapigo ya ubavuni. Pembeni alipiga kuelekea ndani, asivunje ukingo. Unene wa kidole uliosalia aliumaliza kwa mapigo madogo, maana pigo kubwa hujeruhi hata chini ya uso.

Siku aliyoahidi ilipita, na ndugu walimlaumu. Hakujitetea. Jiwe lilipogongwa, lililia kama kengele. Mama alimbeba miezi tisa bila ya kuharakisha. Haikuwa haki kumlipa kwa moto wa siku moja.