Saa ni ya Watu Wawili

Ndugu msomaji, labda nawe wajitayarisha kuingia mara ya kwanza katika mashindano ya vita vya mezani, vile vipiganwavyo kwa askari wadogo wa plastiki, dadu na futikamba. Mchezo niuchezao mimi ni Warhammer 40,000, uliotolewa mwaka 1987 na kampuni ya Games Workshop ya Uingereza.

Wengi hudhani kujitayarisha ni kununua askari walio hodari kupita wote. Sivyo. Katika mashindano mengi kila mchezaji huleta jeshi lenye thamani ya pointi 2,000, na mchezo wa raundi 5 hupewa muda wa saa 3 hivi. Muda huo ni wa watu wawili. Twaambiwa haraka haraka haina baraka. Lakini ukikaa kupekua kitabu cha sheria kila mara, kukawia kwako humdhulumu mwenzako, maana raundi za mwisho, ambazo pengine angeshinda, hazitachezwa.

Kwa hiyo miezi miwili kabla ya siku yenyewe nilichagua jeshi moja, wala sikulibadili. Niliwapaka askari wote rangi mapema, nikaandika nguvu zao katika karatasi moja. Kila Jumamosi nilicheza na ndugu yangu, saa ipo mezani. Kwanza tulifika raundi ya 3 tu. Mwishowe tukazimaliza zote.

Basi, fanya mazoezi mpaka mkono uzoee kazi yake. Ushindi hutegemea dadu pia. Bali haki ya mwenzako yakutegemea wewe.