Ndizi za Kisiba na Mpaka wa Kasumulu

Kizazi kilichokulia Rungwe miaka ya 1960 na 1970 kilivijua vikwazo vya biashara kama silaha ya ukombozi. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965, na Umoja wa Mataifa ukaiwekea nchi hiyo vikwazo, Zambia ilikosa njia salama ya kusini. Mafuta yake yakapanda kwa malori kupitia Mbeya mpaka bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968, na reli ikafuata katikati ya miaka ya 1970. Gharama tuliibeba, lakini kila mtu aliweza kueleza tunaibeba kwa ajili ya nani. Nikiikumbuka hali ile na kuilinganisha na ya sasa, naona kitu kimepotea njiani. Leo Kasumulu, mpakani na Malawi, inaweza kufungwa kwa mkulima wa ndizi wa Kisiba, Rungwe, hali yeye na mnunuzi wake wa Karonga hawana ugomvi wowote. Nashikilia kwamba karatasi inayouliza habari za mzigo humlinda mkulima huyu, na amri ya serikali ya kufunga mpaka humfilisi. Nasi tumezoea kuzilalamikia zote pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja.

Chukua cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Wengi hukiona kama njia nyingine ya kumtoza mtu. Lakini soko letu la ndizi Malawi limekuzwa na ugonjwa: virusi vinavyodumaza mgomba na kusonganisha majani yake kileleni viliangamiza mashamba mengi ya huko, na ndizi zetu zikasaidia kuziba pengo. Virusi hivyo huenezwa na vidukari, na pia na machipukizi yanayohamishwa shamba hadi shamba. Chipukizi lililofungwa kwenye gunia na kutupwa juu ya Fuso yenye mikungu huonekana halina neno. Majani yake hayajafunguka, na hakuna jicho la dalali litakalokiona kirusi. Mkaguzi anayelishusha gunia hilo anaiokoa migomba ya Kisiba pia, maana gari linalovuka hurudi.

Zuio ni jambo jingine. Mwaka 2017 serikali yetu ilipiga marufuku kuuza mahindi nje, na bei yake Nyanda za Juu Kusini ikaanguka. Wapo wanaosema, na si hoja ndogo, kwamba nchi haiwezi kuacha chakula kivuke huku watu wake wakilala njaa. Nakubali. Ila dola ina NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, inayoweza kununua na kuhifadhi. Ikifunga mpaka, imemtwisha mkulima peke yake akiba ya taifa zima. Machi 2025 ikawa zamu ya Malawi kuzuia uingizaji wa unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Aprili, Hussein Bashe, Waziri wa Kilimo wakati huo, akajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, iliyokuwa imezikataa ndizi zetu kwa miaka. Baada ya siku chache zuio letu likaondolewa kupisha mazungumzo. Watetezi wake wanasema shinikizo lile lilizaa matunda, na kweli mazungumzo yalikuja. Lakini mahindi husubiri ghalani, ndizi haisubiri: mkungu huivia kwenye foleni, na ukishaiva huuzwa kwa bei ya kutupa. Ugomvi huo ulistahili kupelekwa mapema SADC, ambako nchi zote tatu ni wanachama.

Zuio likidumu, njia za panya za Mto Songwe, ulio mpakani, hupata wateja, na hapo mkulima hana budi kuzijua dalili za magendo: mnunuzi mwenye bei nono kwa sharti la kutoandikiana, cheti chenye jina la mtu asiye mwenye mzigo, mnunuzi anayekwepa kusema mzigo unaishia wapi, malipo yanayotumwa kwa simu na mtu wa tatu asiyejulikana. Moja pekee huenda ni haraka ya biashara. Zikikutana mbili, mikungu ibaki mgombani, kwa sababu aliyedhulumiwa huko hana pa kushtaki: kesi yake inaanza kwa kukiri kosa lake mwenyewe. Hata hivyo si haki kumlaumu tu mama mwenye mikungu michache anayepita njia hizo. Kule Namanga, mpakani na Kenya, mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 hupata cheti rahisi cha uasili kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Malawi haimo humo. Imo COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, yenye nafuu ya namna hiyo, na Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Mama wa Kisiba ameangukia katikati. Majengo ya forodha Kasumulu yapo. Anachohitaji ni makubaliano ya nchi mbili kuhusu mzigo mdogo, ndizi ikiwa ya kwanza kwenye orodha, na sharti kwamba zuio lolote jipya litangazwe kabla mkungu haujakatwa.