Barua Tatu Juu ya Mkeka

Asili yetu ni Kilifi, ila riziki ilituleta Sugoi, magharibi ya Eldoret, na huku ndiko tulikolea watoto, baina ya mashamba ya mahindi. Mwaka huu kifungua mimba wetu alipata nafasi katika vyuo vitatu. Tulikuwa tumejiandaa kwa uzito wa kukosa. Uzito wa kupata hatukuwa tumeufikiria.

Barua ya kwanza ilitokana na upangaji wa KUCCPS: Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, shahada ya ualimu wa sayansi. Ya pili ilitoka Chuo Kikuu cha Umma, Kajiado, ambacho ni chuo cha Kiislamu, kwa shahada ya uuguzi. Ya tatu ilitoka chuo kimoja cha binafsi mjini Eldoret, stashahada ya uuguzi, nacho kilitaka malipo ya kushikilia nafasi kabla ya Ijumaa, wala fedha hizo hazirudishwi.

Tuseme kweli: sisi wazazi tulikwisha kuichagua ile ya tatu kabla ya kuzisoma nyingine. Binti angetoka asubuhi kwa matatu, na jioni angekuwa jikoni nasi. Shangazi yake, kwa simu kutoka Mombasa, alishikilia Kajiado, kwamba huko mtoto wa kike atasitirika. Kila mmoja alikuwa na hoja njema, na hakuna aliyemwuliza mwenye barua. Magunia ya mahindi yakauzwa, fedha zikafungwa katika leso.

Alhamisi baada ya Isha tulitandika mkeka tukamwita. Akasema, macho chini, "Mama, Baba, nisameheni. Ile ya Pwani niliiweka ya kwanza mwenyewe. Uuguzi niliuomba kwa kuwa nyinyi mliupenda." Alitueleza kwamba kemia aliisoma zaidi ubaoni kuliko maabarani, naye anataka kuwafundisha wengine kwa mikono. Hayo hatukuwahi kuyasikia, nasi tuliishi naye nyumba moja.

Hapo ndipo tuliposhika kalamu. Hadi usiku ule tulikuwa tukilinganisha ada ya muhula wa kwanza tu. Katika mpango ulioanza mwaka 2023, aliyepangiwa chuo kikuu cha umma huweza kuomba ufadhili wa serikali, unaopimwa kwa hali ya nyumbani, pamoja na mkopo wa HELB. Ufadhili ule hauwafikii walio katika vyuo vya binafsi. Mkopo nao una riba, na kwa wengi wetu hilo si jambo dogo. Tuliamua kuomba ufadhili peke yake, na pengo tulizibe wenyewe. Tulipohesabu miaka yote minne, Kilifi iliyoonekana mbali ndiyo iliyokuwa karibu na mfuko wetu.

Baba yake alijaribu mara ya mwisho. KUCCPS hufungua muda wa kuomba uhamisho. Mbona asihamie Chuo Kikuu cha Moi, pale Kesses, mlangoni petu? Binti alinyamaza kitambo, kisha akajibu, "Mkitaka, nitaomba." Kwa namna alivyoitamka ile "mkitaka," shauri lile halikutajwa tena.

Tuliswali istikhara, kila mtu kwa nafasi yake. Wako wangojao ndoto. Sisi hatukuota kitu. Ijumaa asubuhi tulijikuta tu hatuna haraka ya kwenda Eldoret, na siku ya mwisho ya malipo ikapita huku leso ingali imefungwa.

Shangazi hajaturidhia bado. Mtamba mmoja ameuzwa. Usiku mwingine tunalala vyema, mwingine tunaihesabu safari ile, Nairobi, Mombasa, kisha Kilifi, na binti peke yake dirishani mwa basi. Nyanyake kule amekwisha kumtengea kitanda, na jana alipiga simu kuuliza kama mtoto aliyelelewa kwa mursik ataweza kula samaki kila siku.