Zamu ya Alhamisi

Karatasi ilitoka kwenye daftari la hesabu, lile la vijisanduku, na ilibandikwa kwa ugali nyuma ya mlango wa bweni. Gundi hatukuwa nayo, na ugali wa jana ukikandwa vizuri unashika kuliko gundi. Juu iliandikwa ZAMU kwa herufi kubwa. Chini yake zilifuata siku sita, na kila siku ina majina sita: wawili wa kufagia na kudeki, wawili wa maji, wawili wa vyoo. Jumapili hapakuwa na jina. Jina la mwenzangu lilikuwa Alhamisi, vyoo, juu ya langu.

Sitaliandika hapa. Ndugu zake wapo, nami sijawaomba ruhusa.

Mabweni yetu yalikuwa na majina ya watakatifu, kama ilivyo kwenye shule nyingi za Kanisa. Wenzetu wa shule za serikali walilala Mkwawa na Mirambo. Letu liliitwa Bakhita, na wasichana wa bweni la Theresia walitutania kwamba hata mtakatifu hatuna. Kweli hatukuwa naye. Josefina Bakhita alitangazwa mwenyeheri mwaka 1992, na utakatifu ukaja mwaka 2000, sisi tumeshaondoka. Sista mlezi ndiye aliyetusimulia kisa chake: mtoto wa Darfur aliyeibwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa mara kadhaa, akashtuka hadi akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina alilopewa na wale waliomwiba. Kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati, na ni bahati hiyohiyo tunayoitamka sisi kila siku. Kidato cha kwanza kizima nililala chini ya picha yake bila kuwaza kwamba mtu anaweza kupoteza jina lake kama anavyopoteza kandambili.

Mara moja tulikwenda hija Bukumbi, kusini mwa Mwanza, walikokuja kukaa mapadri wa White Fathers mwaka 1883, baada ya kuondoka Buganda. Walikuwa na watoto yatima, wengine wamekombolewa kutoka utumwani. Mtu akitafuta bweni la kwanza la Wakatoliki upande huu wa ziwa, nadhani ndilo hilo. Nilimwuliza Sista majina ya wale watoto. Akasema tuwaombee wote kwa pamoja.

Bweni letu lilihesabiwa mara mbili kwa siku. Alfajiri kengele ikilia, na usiku kabla ya kuzima taa, kiranja alisimama katikati ya vitanda vya ghorofa akaita majina thelathini na sita, nasi tukaitikia kila mtu kwa namna yake. Tuliichukia rokoo. Kuna waliojifunza kuitikia huku wamelala. Mwenzangu wa Alhamisi aliitikia kwa Kihaya, kiranja akamwandika kelele, adhabu ikawa kuchota madumu mawili kutoka ziwani, akarudi na dumu moja na nusu akiapa kwamba njia ina mawe mengi. Hapo mwongo hakuwa. Pwani ya Mwanza ni mawe juu ya mawe.

Mei 1996 alifiwa na bibi yake Bukoba, akapewa ruhusa ya wiki moja. Aliahidi kuturudia na kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na maganda yake na kukaushwa, ambayo Wahaya humpa mgeni kabla hajaulizwa shida yake. Jumatatu tarehe 20 alipanda MV Bukoba kurudi shule. Asubuhi ya Jumanne, ikiwa imekaribia Mwanza, meli ilipinduka. Ilielea kwa muda tumbo likiwa juu. Waliokuwa ndani waligonga, waliokuwa nje walisikia, na chuma kilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka na meli ikaenda chini.

Mengine niliyasoma nikiwa mtu mzima. Meli iliruhusiwa abiria 430. Orodha yake ilikuwa na watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo anayetaja hesabu ya waliokufa kwa MV Bukoba atakwambia 500, mwingine zaidi ya 800, mwingine 1,000, na hakuna wa kumbishia mwenzake. Mwanafunzi anapanda daraja gani? Sisi wenye umri wa miaka kumi na saba, tuliokuwa na ugali tu wa kubandikia karatasi, tulijua kila usiku nani yupo na nani hayupo. Wenye meli hawakujua. Hilo ndilo ambalo sijaweza kulisamehe, na Sista aliponiambia nisamehe nilimwitikia tu kwa adabu.

Usiku ule kiranja aliita majina kama kawaida. Alipofika kwake hakunyamaza, aliita. Mtu mmoja kutoka kitanda cha juu akasema, "Yuko safarini." Kiranja akaendelea na jina linalofuata.

Hatukumpata. Waliopatikana wengi walizikwa Igoma, wengine bila kutambuliwa, na huenda yumo. Misa ilisomwa. Kisha shule ikaanza kumtoa, kidogo kidogo, kama inavyolazimika kufanya. Mwalimu wa darasa alipiga mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Bwaloni meza yetu ilipunguziwa sahani moja. Mwezi Juni rokoo nayo ikamruka. Sikumlaumu mtu; mpishi hawezi kumpikia asiyekuja.

Lakini karatasi ya zamu haikuwa ya shule, ilikuwa yetu. Alhamisi ya tarehe 23 nilisimama mlangoni na fagio la chelewa na ndoo, peke yangu. Kiranja alitazama karatasi, akasema jina linabaki, atakayejisikia atamfanyia. Aliyejitokeza wa kwanza ni msichana ambaye marehemu alikuwa hasemi naye tangu Machi kwa sababu ya ndoo iliyopasuliwa. Alivaa kandambili, akasugua choo cha kwanza mpaka cha mwisho, hakusema neno, akaenda kuoga.

Ikawa hivyo kila wiki. Na hapa niseme ukweli ambao kwenye Misa haukusemwa: alipokuwa hai alikuwa mvivu wa vyoo kupita kiasi. Alhamisi alikimbilia kanisani na rozari akijua hakuna wa kumtoa huko. Zamu zake alizifanya vizuri zaidi baada ya kufa. Tulicheka kwa hilo, tena kwa sauti, tukiwa tumeshika magunzi ya kusugulia, na nina hakika yeye ndiye angecheka zaidi.

Baba yake alikuja Julai kuchukua tranka. Hakutaka kuona meli, kwa hiyo alizunguka kwa basi kupitia Biharamulo, lakini ukitokea Bukoba kwa njia ile bado ungefika Busisi ukaikuta Ghuba ya Mwanza, ukavushwa kwa kivuko hadi Kigongo. Alitusimulia kwamba alivuka amefumba macho. Daraja la pale, kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, mzee hakuliona. Bwenini alipewa kiti, akafungua kifurushi cha majani makavu ya mgomba, akatugawia kahawa mmoja mmoja. Kisha akaomba aonyeshwe alipokuwa akilala. Kiranja alimwonyesha kitanda, akamwonyesha na karatasi. Aliisoma akifuata kwa kidole kutoka Jumatatu. Alipofika Alhamisi akauliza, "Na hii kazi anafanya nani?" Tukamwambia. Akatikisa kichwa, akasema kwao nyumbani hakuwahi kukubali.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, kikiwa kimejengwa kubeba watu 101, walikufa watu 228. Nilikuwa jikoni, redio imewashwa. Walisema idadi ya waliokuwemo haijulikani, kwa sababu mkatisha tiketi amezama pamoja na mashine yake. Nilizima jiko.

Tulimaliza kidato cha nne mwaka 1997 na karatasi tukaiacha mlangoni. Januari iliyofuata mdogo wangu aliingia kidato cha kwanza, akapangiwa bweni lilelile. Katika barua yake ya kwanza aliomba sabuni, kandambili na shilingi mia tano, kisha akauliza yule mwenzake wa Alhamisi, ambaye hajawahi kumwona ila kila wiki kuna mtu anamfanyia zamu, yuko kidato gani.

Nilimjibu, cha tatu.